Ng'ambo imegeuka Ngâ€™ambo: kutafuta kosa kwenye faili la data lenye herufi zilizovurugika

Nnaletewa faili za namna hii kila mara na wanaozileta karibu wote husema neno moja, "kuna virusi". Hamna virusi yakhe. Bi mmoja wa ofisi ya ushirika huko Mkoani, Pemba, alinitumia picha ya skrini akaniambia mwanangu njoo uone, kompyuta imeanza kuandika vitu vya ajabu, nikaangalia nikakuta orodha ya wanachama, kolamu ya shehia, Kengeja imekaa sawa, Makombeni sawa, Wambaa sawa, Mtambile sawa, kisha ikifika Ng'ombeni imeandikwa Ngâ€™ombeni, na kila Ng'ombeni ni hivohivo mpaka chini. Fundi wa mwanzo alikuwa keshamwambia kompyuta iforomatiwe. Alhamdulillah hajaiforomati.

Sasa kwa nini Ng'ombeni peke yake? Hapa ndo pa kuelewa, ukishapaelewa hapa mengine yote yanakuja wenyewe. Faili la maandishi ndani yake hamna herufi, mna namba tu, baiti, na enkodingi ndo yale makubaliano kwamba namba hii ni herufi ile. Herufi za Kiswahili zote zimo kwenye ASCII, makubaliano ya zamani ya mwaka 1963 yenye nafasi 128 tu, na karibu kila mfumo uliokuja baadae umeziacha palepale. UTF-8 yenyewe, enkodingi ya siku hizi, waliyoiunda Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, ilitengenezwa makusudi hivo, faili la ASCII liwe tayari ni UTF-8 bila kugusa hata baiti moja. Kwa hivo Kiswahili kinapita popote, ukikosea enkodingi huoni kitu, mistari elfu tatu inasomeka vizuri na unajua mambo shwari. Mpaka itokee ng'.

Kile kikoma cha juu, ritifaa, ukikiandika kwa Word au kwa baadhi ya simu hakibaki ' iliyonyooka, kinageuzwa kimya kimya kikawa ’ iliyopinda, na hiyo iliyopinda haimo kwenye ASCII. UTF-8 inaiandika kwa baiti tatu, E2 80 99 (namba za baiti huandikwa kwa hesabu ya kumi na sita, ndo mana zina herufi ndani). Programu inayodhani faili ni Windows-1252, enkodingi ya zamani ya Windows ya lugha za Ulaya Magharibi, inazisoma hizo tatu mojamoja, E2 ni â, 80 ni €, 99 ni ™. Ndo hiyo â€™ yako. Yaani yale mazonge sio mazonge, ni ushahidi, yanakwambia faili limetoka wapi na limesomwa kwa macho gani. Usikimbilie kuyafuta.

KABLA HUJAGUSA KITU

Usisevu. Nnarudia, usisevu, hata Excel ikikuuliza unataka kusevu mabadiliko sema hapana, mana mara nyingi faili lililoko kwenye diski ni zima kabisa, kilichoharibika ni kile kinachoonekana kwenye skrini tu, na unaposevu ndo unaliharibu kweli. Kisha kopi faili, ile asili iweke folda nyengine usiiguse tena, fanyia kazi kopi.

Halafu lifungue kwa Notepad, sio kwa Excel. Kwenye Windows 10 iliyosasishwa tokea 2019 na Windows 11, angalia chini kulia kwenye dirisha la Notepad, imeandikwa UTF-8 au ANSI (ndo enkodingi ya zamani ya Windows yako, mara nyingi hiyo 1252) au UTF-16 LE. Notepad inabahatisha na yenyewe lakini hubahatisha vizuri. Ikiwa ndani ya Notepad Ng'ombeni iko sawa, faili lako halina ugonjwa wowote, aliekosea ni anaelifungua.

DALILI: â€™, Ã©, Ã¼, Â katikati ya maneno

Hii ndo inayoongoza. Faili ni UTF-8, limesomwa kama Windows-1252. Kwa hoteli za Paje na Nungwi utaiona kwenye majina ya wageni, Müller anakuwa MÃ¼ller, François anakuwa FranÃ§ois, kwa sie wengine utaiona kwenye ng' tu.

Sababu ya kwanza, na nyingi zinaishia hapa hapa: umelibonyeza faili la CSV, yaani faili la maandishi lenye kolamu zilizotengwa kwa koma, mara mbili likafunguka Excel. Excel ikikuta CSV isiyo na alama ya utambulisho mwanzoni inatumia enkodingi ya Windows yako, ambayo kwa kompyuta nyingi huku ni 1252. Dawa yake ni kutolibonyeza. Fungua Excel tupu, nenda menyu ya Data, chagua From Text/CSV, chagua faili, kitatokea kidirisha cha kuonjesha mistari ya mwanzo, juu yake pana File Origin, hapo weka 65001: Unicode (UTF-8). Angalia kwenye kuonja kama ng' imerudi. Imerudi? Bonyeza Load, kazi kwisha. Tatizo moja ni kwamba kuonja kunakuonesha mistari ya mwanzo tu, na kama nlivosema Kiswahili kinaficha, mistari mia ya mwanzo inaweza isiwe na ng' hata moja, kwa hivo mie huhamisha mstari mmoja wenye ng' nikauweka wa pili kutoka juu kwenye kopi yangu ndo nikaonja. Ujanja wa kijinga lakini umeniokoa mara nyingi.

Sababu ya pili, faili liko sawa, unaliingiza kwenye mfumo, na kwenye ukurasa wa kuingizia pana kisanduku cha kuchagua enkodingi ambacho watu hawakiangalii. phpMyAdmin kwa mfano ina kisanduku cha "Character set of the file". Mifumo mengine inaandika Western European au Latin-1 au ISO-8859-1. Weka UTF-8.

Sababu ya tatu, mbaya zaidi: ukiona Ã¢â‚¬â„¢ badala ya â€™, limeharibiwa mara mbili. Mtu kalifungua vibaya, kalisevu, mwengine kaja kalifungua vibaya tena akasevu. Ninavojua mie nishaona hata mara tatu, jina la mgeni mmoja lilikuwa refu kuliko mstari. Hapo tafuta asili kwanza. Ikiwa asili haipo na unajua Python kidogo, ile lugha ya kuandikia programu, pana maktaba inaitwa ftfy, ipe maandishi hayo inajaribu kuyarudisha nyuma hatua kwa hatua, na hufanikiwa sana mradi hamna baiti iliyopotea njiani.

Na ile ya kutafuta-na-kubadilisha, yaani Ctrl+H unaandika â€™ unaweka ' na unabonyeza Replace All? Wataalamu watakwambia haramu. Mie nnasema inategemea, kama ni orodha ya Kiswahili kitupu na kilichoharibika ni ng' peke yake basi fanya, dakika moja ushamaliza, hamna alieumia. Lakini kama mna majina ya wageni usithubutu, utabadilisha â€™ na Ã© na Ã¼ halafu kesho akaja Mcheki ana herufi ambayo hukuiwaza, ukaiacha, na faili sasa lina nusu nzima na nusu mbovu na hakuna programu tena itakayoweza kuliponya lote kwa mpigo mmoja.

DALILI: alama ya � au mfumo unakataa na kutaja 0x92

Hii ni kinyume ya ile ya juu, faili ni la 1252, anaelisoma anadhani ni UTF-8. Kwenye Python utaona

UnicodeDecodeError: 'utf-8' codec can't decode byte 0x92 in position 4127: invalid start byte

Hiyo 0x92 ikariri. Kwenye Windows-1252 baiti 92 ndo ile ritifaa iliyopinda. Yaani Python inakulalamikia ng' yako, hajui tu kusema. Nenda herufi ya 4127 na kitu utaikuta Ng'ambo au ng'ombe au mtu kaandika "ng’oa".

Sababu kubwa ni mtu kusevu kutoka Excel kwa kuchagua "CSV (Comma delimited)" ile ya kawaida, ambayo inatoa faili kwa enkodingi ya Windows. Excel za tokea 2016 zina nyengine, "CSV UTF-8 (Comma delimited)", ndo hiyo uchague, iko pale pale kwenye orodha lakini watu huichukua wanayoijua. Sababu ya pili ni programu za zamani za hesabu na za stoo ambazo hazijui kitu chengine zaidi ya 1252.

Dawa: mwambie msomaji ukweli. Kwenye Python andika encoding="cp1252". Kwenye Linux

iconv -f WINDOWS-1252 -t UTF-8 asili.csv > mpya.csv

Kwenye Notepad++ angalia sana, menyu ya Encoding ina vitu viwili vinavofanana sura. Vya juu havibadilishi faili, vinabadilisha miwani tu, yaani soma baiti hizihizi kama kitu fulani. Vile vya chini vinavoanza na Convert ndo vinavobadilisha baiti zenyewe. Utaratibu ni kwanza miwani, chagua ANSI mpaka maandishi yasomeke vizuri kwa macho yako, kisha ndo Convert to UTF-8. Ukianza na Convert wakati bado unaona mazonge, umeyageuza mazonge kuwa rasmi.

Na tafadhali, kuna ile dawa ya mkato watu wanayokopi mitandaoni, errors="ignore". Kosa linapotea kweli, faili linasomwa, unafurahi. Lakini baiti 92 imetupwa, Ng'ombeni imekuwa Ngombeni, na kwenye ripoti yako sasa una shehia mbili, Ng'ombeni yenye watu wachache na Ngombeni yenye watu wengi, na sheha atakuuliza hii Ngombeni iko wapi.

SIMAMA HAPA ikiwa � unaiona hata ndani ya Notepad, umejaribu enkodingi zote na inabaki. Maana yake mtu kalisoma vibaya na akasevu, na � sasa ni herufi halisi ndani ya faili, ina baiti zake EF BF BD, ukiisoma kwa 1252 inaonekana ï¿½. Ile ya asili haipo tena. Hakuna programu, hakuna fundi, hakuna mganga wa kuirudisha. Rudi kwa alietoa faili akutolee upya. Kama chanzo nacho kimefutwa na data ni ya mishahara au ya wagonjwa, usikae ukabahatisha majina, ita mtu wa kuirudisha kutoka kwenye bakapu.

DALILI: ???? badala ya jina

Hii huwatokea sana wenye orodha za madrasa na za wakfu, mana majina wameyaandika kwa Kiarabu na kwa Kilatini pamoja. Ukisevu CSV ya kawaida kwenye Windows ya Kiingereza, ile 1252 haina nafasi ya herufi hata moja ya Kiarabu, kwa hivo kila herufi inawekewa alama ya kuuliza. أحمد anakuwa ????, na سالم nae anakuwa ????, herufi nne nne. Waliokuwa watu wawili sasa hakuna wa kuwatafautisha.

Angalizo la kwanza rahisi: faili la Excel lenyewe, lile la .xlsx, bado unalo? Likiwepo umesalimika, .xlsx haina tatizo hili, fungua toa tena kwa CSV UTF-8. Likiwa halipo ni kama � ya juu, imeshapotea.

Kama Kiarabu hakijawa ???? bali kimekuwa herufi za Kizungu za ajabu, furahi, mana hapo bado kipo. Angalia sura yake. Ukiona Ø na Ù zinajirudia kila pahala, hiyo ni UTF-8 imesomwa kama 1252, dawa ile ya 65001. Ukiona kitu kama ÃÍãÏ, herufi kubwa na ndogo zenye vikofia, na urefu wake ni sawasawa na urefu wa jina (أحمد herufi nne, ÃÍãÏ herufi nne), hiyo ni Windows-1256, enkodingi ya zamani ya Kiarabu, kwenye File Origin chagua 1256: Arabic (Windows).

Na kama herufi ni za Kiarabu kweli ila zimekaa mbalimbali hazikuungana au zinakwenda kinyume, hilo si la enkodingi, ni fonti au programu isiyojua kuandika kutoka kulia.

DALILI: mfumo unasema kolamu ya kwanza haipo na weye unaiona

Hii inawatoa watu jasho. Kolamu inaitwa Namba, umeiandika Namba, mfumo unakwambia hakuna Namba. Kolamu nyengine zote anaziona isipokuwa ya kwanza. Fungua kwa miwani ya ANSI utaona imeandikwa ï»¿Namba. Hizo tatu za mwanzo ni baiti EF BB BF, inaitwa BOM, ndo ile alama ya utambulisho ya UTF-8 niliyoitaja, kwa kawaida haionekani kabisa.

Excel ukisevu CSV UTF-8 inaiweka, na Excel hiyohiyo ikija kulisoma inaitafuta. Lakini mifumo mengi haiitaki. Kwa hivo faili la kufungua Excel liwe na BOM, la kuingiza kwenye mfumo lisiwe nayo, na usijaribu kutaka moja liwafurahishe wote. Kuitoa: Notepad, Save As, chini pana Encoding, chagua UTF-8 na sio UTF-8 with BOM. Python encoding="utf-8-sig" inaila yenyewe.

DALILI: N a m b a   y a   s i m u, au faili zima limekuwa Kichina

Herufi zina nafasi katikati au vijiboksi, hiyo ni UTF-16, kila herufi inachukua baiti mbili na ya pili kwa Kiswahili huwa sifuri. Hutoka kwa mtu aliechagua "Unicode Text" ndani ya Excel akidhani ndo bora. Faili linaanza na FF FE. Likigeuka Kichina ni kinyume chake, faili la kawaida limesomwa kama UTF-16, herufi mbilimbili zimegandishwa zikawa moja. Fungua kwa Notepad sevu upya UTF-8. Na tambua ile Unicode Text inatenga kolamu kwa tabu sio kwa koma, kwa hivo ukishalitengeneza kolamu zote zinaweza kukaa ndani ya moja, usidhani umeharibu.

DALILI: £ukasz

Hii naipenda. Kijana wa mapokezi wa hoteli moja ya pwani ya mashariki kaniuliza, bro huyu mgeni kweli jina lake linaanza na pauni? Ni Łukasz, Mpoland. Kwenye Windows-1250, enkodingi ya Ulaya ya kati, Ł ni baiti A3, na A3 hiyohiyo kwenye 1252 ni £. Wakala aliewatumia orodha anatumia kompyuta ya kwao. File Origin weka 1250: Central European (Windows). Na kama ni Andr‚ na koma chini badala ya é, hiyo imetoka kwenye programu ya enzi za DOS, jaribu 850.

Ukikosea kati ya 1250 na 1252 hamna kosa litakalotokea, mfumo utakubali yote mawili, ni macho yako tu ndo yatakayojua. Chukua majina matatu manne yalinganishe na pasi za kusafiria au na barua pepe ya mgeni mwenyewe.

DALILI: kila kitu kinaonekana sawa lakini havilingani

Hapa ndo watu hukesha. Una orodha mbili, moja ya wanachama, moja ya malipo, unatumia VLOOKUP kuzioanisha kwa shehia, Kengeja inapatikana, Ng'ombeni #N/A. Unazitazama kwa macho zote Ng'ombeni. Unafuta unaandika upya, moja inakubali nyengine inakataa.

Enkodingi hapo iko sawa, ila herufi ni tofauti. Ritifaa tunayoiona moja kwenye kompyuta ni kadhaa. Iliyonyooka ' ni 39. Iliyopinda ’ ni 8217. Iliyopindia upande wa pili ‘ ni 8216, Word inaiweka ukianzia nayo neno. Halafu kuna ile ya kibonye cha pembeni karibu na namba moja ` ambayo ni 96, na ´ ambayo ni 180, wapo watu wanaitumia hiyo kila siku bila kujua. Kuijua yako ni ipi andika kwenye Excel

=UNICODE(MID(A2,3,1))

mana kwenye Ng'ombeni ritifaa ni ya tatu. Ile orodha ya yule bi wa Mkoani, baada ya kutengeneza enkodingi, nikaipitisha hii kolamu nzima, ilikuwa na 39 na 8217 na 96 humohumo, kwa sababu watu watatu wameiingiza kwa nyakati tofauti, mmoja kwa kompyuta ya ofisi, mmoja kapesti kutoka Word, mmoja keyboard yake hata sikumuuliza. Kwenye pivot Ng'ombeni ilikuwa inatoka mara tatu.

Dawa:

=SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(A2,UNICHAR(8217),"'"),"`","'")

ongeza na hizo nyengine kama unazo. Zote ziwe 39. Kuna watakaokwambia iliyopinda ndo nzuri kwa uchapaji, sawa, kwa kitabu, kwenye data weka iliyonyooka.

Ikiwa ritifaa ziko sawa na bado havilingani, angalia nafasi. Kuna nafasi ya kawaida 32 na kuna nafasi isiyokatika 160, inakuja ukipesti kutoka kurasa za wavuti, na TRIM ya Excel haiigusi. Pima kwa LEN, Kengeja ni herufi 7, ikikwambia 8 pana kitu mwishoni. =SUBSTITUTE(A2,UNICHAR(160)," ") kisha ndo TRIM. Ukikuta hata hivo haitoki jaribu 8203, hiyo haina upana kabisa, huioni ng'o.

DALILI: bili ya SMS imepanda ghafla

Wengi hawajui kuwa hili nalo ni la ritifaa. SMS moja inabeba herufi 160 kama zote zimo kwenye seti ya kawaida ya GSM, na ' iliyonyooka imo. Ikiingia hata moja isiyokuwemo, ’ iliyopinda kwa mfano, au ile ` ya kibonye cha pembeni, ujumbe wote unahamia mfumo mwengine wenye nafasi 70 tu, na ukiwa mrefu unakatwa vipande vya 67. Ujumbe wa herufi 150 unaosema mkutano utakuwa skuli ya Ng’ombeni unakuwa SMS tatu. Watu 600, umelipia 1,800. Andika ujumbe kwenye Notepad, sio Word, kabla ya kuupakia, na majina yanayotoka kwenye orodha yasafishe kwa formula ya juu.

DALILI: kwenye tovuti inasomeka, ukitoa data inatoka mazonge, au emoji zinakataa

Hii ni ya databezi na ndo pahala pa kuwa na adabu. Emoji na herufi zinazokula baiti nne zikikataliwa na MySQL ikakuandikia Incorrect string value: '\xF0\x9F..., jua kwamba ile inayoitwa utf8 ndani ya MySQL kwa miaka yote ilikuwa ya baiti tatu tu, UTF-8 kamili inaitwa utf8mb4. Unaweza kuangalia bila kuharibu kitu kwa SHOW CREATE TABLE, soma mwisho imeandikwa charset gani.

Lakini kama jedwali limeandikwa latin1 na ndani mmewekwa UTF-8 miaka mingi, tovuti inaonesha vizuri kwa sababu inakosea mara mbili na makosa yanafutana. Ukija weye ukapiga ALTER TABLE CONVERT kwa nia njema, yale makosa yanaweza kuacha kufutana na majina yakageuka mazonge kwa mpigo, watu wakiwa ndani wanatumia. SIMAMA. Hata kama una bakapu. Ita mtu wa databezi, na kama unamngoja usiruhusu mtu yeyote aingize data mpya ya herufi za ajabu.

VITU VINAVOLETWA KAMA HILI NA SI HILI

Namba ya simu imepoteza sifuri ya mbele, au imekuwa 2.55777E+11: hiyo Excel imeifanya kuwa hesabu, ukiingiza kwa From Text/CSV weka kolamu hiyo iwe Text. Kolamu zote zimebanana ndani ya moja: kitenganishi, jaribu nukta mkato badala ya koma. Tarehe na mwezi zimebadilishana: mpangilio wa nchi kwenye Windows.

UKIMPELEKEA FUNDI

Mpe faili asili lile ambalo halijafunguliwa na Excel, jina la programu iliyolitoa na toleo lake, namba ya mstari mmoja ulioharibika na namna ulivotakiwa kusomeka. Kwa WhatsApp litume kama dokumenti, usikopi maandishi ukayapesti kwenye meseji, mana nnachokihitaji ni baiti na meseji inaniletea picha ya tatizo tu. Usilipakie kwenye zile tovuti za kugeuza faili bure ikiwa ndani mna majina ya watu, namba za simu na namba za Zan ID. Na kama lina siri ambayo hata mie sipaswi kuiona, nitolee mistari mitano yenye ng' kwa kukata kwenye Notepad++ huku imesoma kwa miwani sahihi, futa majina acha shehia, inatosha kabisa kujua ugonjwa.